Maharage Hayaanikwi

Mama Rashidi mpenzi,

Nimefika Kigoma salama, ila moyo hautulii. Kesho mwanetu anapeleka kwenye baraza la madiwani hoja ya kukataza kukata miti ya vilimani. Ana sababu: miti ikiisha, mvua husomba udongo hadi ziwani, ukafukia mawe wanapotagia samaki. Lakini tangu wakimbizi wavuke ziwa, kila mtu hapa anapikia miti hiyo.

Leo asubuhi mimi na Rashidi tulikwenda soko la Kibirizi kununua dagaa. Muuzaji, mama mkimbizi mwenye mtoto mgongoni, alimtambua. "Yewe Mheshimiwa! Dagaa nawaanika, jua linawakausha. Na maharage ya wanangu niyaanike pia, yaive kwa jua?" Watu wakacheka, Rashidi naye akacheka. Kisha mpagazi mmoja akaniinamia. "Shikamoo Mzee. Mwambie kijana kesho akienda barazani asipite njia hii. Wakata kuni watamngoja, na wana mapanga." Huyo hakucheka.

Nilipomweleza Rashidi alisema, "Baba, nikizunguka kesho nitazunguka siku zote."

Mchana mkewe aliwapika wale dagaa kwa kuni, maana hana kingine. Mwanetu aliutazama moshi mpaka chakula kikapoa. Halafu akaongeza mstari mmoja kwenye hoja yake kwa penseli: kwanza watu wapewe cha kupikia. Wakata kuni hawajausikia mstari huo, na hapo ndipo hofu yangu ilipo.

Kesho nitatembea naye, njia ileile. Kadi hii ikikufikia tutakuwa tumeshapita. Tuombee hata hivyo.

Mumeo akupendaye