Mlima wa Kwanza, Shuka Wewe

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Salamu zako zimenikuta hapa Igogo nikiwa mzima. Goti limetulia, na mjomba wako ameezeka upya banda la kuku.

Unauliza kama ni aibu kushuka na kusukuma baiskeli kwenye milima ya Uingereza katika safari mnayopanga, maana mchumba wako Daudi anasema mtanyonga pedeli mpaka juu. Si aibu hata kidogo.

Siku babu yako aliponichukua kwetu Bujora, nilikaa nyuma kwenye keria ya baiskeli yake. Shangazi zangu walinionya nisikanyage chini mpaka nifike kwake. Tulipoanza mlima, alinyonga mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na hakutaka kupumzika. Nikaruka chini na gauni langu la harusi, nikasukuma. Akashuka na yeye. Hapo ndipo tulipoongea kwa mara ya kwanza, na tulipofika juu nilishajua nimeolewa na mtu gani.

Panga safari yenu bila wasiwasi. Miguu unayo, umeirithi kwangu. Ila mlima wa kwanza mkali, shuka wewe, halafu mwangalie Daudi.

Bibi yako anayekupenda