Dozi Tuliyogawana

Mpendwa mume wangu,

Ningekupigia simu, lakini kila nikitaka kulisema hili najikuta naulizia mvua ya huko Nyamongo na habari za machimbo, mpaka salio linaisha. Bora niandike. Naona aibu, Chacha, na hapa niko peke yangu chumbani.

Unakumbuka mwaka wetu wa kwanza hapa Mugumu, bomba lilipokauka ukawa unafuata maji mwenyewe kwa baiskeli mpaka bwawa la Manchira? Wenzako kijiweni wakakucheka: "Mura, umeolewa wewe!" Ukawajibu, "Mke wangu ana mimba, nyie hamjui tu." Uongo mtupu! Ulirudi ukanisimulia, tukacheka mpaka nikamwaga ndoo nzima. Tulidhani mimba yenyewe iko njiani.

Wapi! Mama yako akasema ni chango, akaniletea mizizi ya kuchemsha. Nikanywa, chungu mpaka machozi, na tumbo la chini likazidi kuuma. Nilipokwenda hospitali kutafuta matibabu ya uzazi wakanipima, wakaniambia nina ugonjwa wa zinaa, unaweza kuziba mirija, na wewe uje utibiwe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilipokueleza ukafoka. "Mimi ni mzima! Huu mkojo unaochoma ni U.T.I. tu, jua la machimboni." Hospitali hukukanyaga. Basi mimi nikakaa kitandani nikagawa vidonge vyangu, nusu yako, nusu yangu, eti tupone wote. Ukavimeza na chai ukasema, "Unaona? Yameisha." Nesi aliponiuliza kama nilimaliza dozi, nikamjibu nimemaliza, macho chini. Sasa maumivu yamerudi, na nashindwa hata kupita lango la hospitali.

Sisemi wewe ndiye uliyeuleta. Kabla yako nilikuwa na mtu kule Sirari, unajua. Huenda ni mimi. Huenda ni wewe na hao wanawake wa machimboni. Kila mmoja wetu anaogopa kuulizwa, ndiyo maana tumenyamaza, na huku nyumbani mgumba ni mimi tu.

Jumapili mama yako alikuja na binti kutoka Issenye, aione nyumba. Akaniita jikoni, akanishika bega. "Mwanangu, huyu ataolewa kwa ajili ya nyumba yako. Atazaa na mume wako, lakini watoto watakuwa wa kwako." Chacha, nilifurahi! Hilo ndilo linaloniaibisha kuliko ugonjwa wenyewe. Palepale nilijiona nimepakata mtoto, nikamwandalia binti wa watu chai nzito, yenye maziwa mengi, kama vile namnunua.

Amemaliza shule juzi tu. Alipokuwa anaaga aliniinamia, "Kwaheri dada," sauti haitoki, halafu akaniuliza kama wewe ni mkali. Nikamwambia hapana, ni mtu mpole, usiwe na wasiwasi. Nilimwambia hivyo huku najua ulicho nacho mwilini.

Ng'ombe wa mahari watatoka baada ya mavuno. Njoo kabla ya hapo, twende hospitali wote wawili, kila mtu apewe dozi yake na aimalize. Ukiona haya kuonekana na mimi, nitatangulia nikusubiri ndani. Huenda bado naweza kuzaa, huenda mirija imeshaharibika. Nataka kuambiwa ukiwa umekaa karibu yangu.

Usipokuja, nitamweleza mama yako yote kabla ng'ombe hawajatoka zizini, yangu na yako, hata kama nitafungashiwa virago siku hiyohiyo. Bado nakupenda, Chacha. Na bado nitasema.

Nakuombea utoke salama shimoni, na ufike.

Ni mimi, mkeo.