Nukta Niliyoiandika Bila Kuiona

Riruta, Jumapili mchana, 1957

Mzee Wafula,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo ili lisinikwame kooni. Ulinifundisha kazi ya eksirei miaka minne, ukanizoesha kukuuliza kila kitu, halafu ukaenda zako kabla hata masika hayajaisha. Sasa nauliza ukuta wa chumba cha giza.

Habari za kazini ni hizi. Kiti chako amekikalia karani mmoja anayekitingisha siku nzima mpaka kinalia. Birika ni lile lile, sukari imepungua kwa kuwa mwenye kuimaliza hayupo. Mama Nekesa wako alirudi Bungoma na watoto baada ya matanga. Kabla hajapanda gari la moshi alinipa lile daftari lako la vichwa, akasema, "Chukua. Ni wewe unajua kusoma hii mayai yake." Mayai, Mzee! Vile viduara vyako.

Nimelipitia tena jana jioni. Kila tulipompiga mtu mzima picha ya kichwa ulichora kiduara. Kitabu cha mafunzo kinasema katikati ya ubongo wa kila mtu mzima kuna nukta ndogo ya chokaa, nyeupe kwenye filamu, na damu au uvimbe ukiusukuma ubongo, nukta ile huhama upande. Daktari akiiona imehama, anajua kuna jambo. Ukiiona nukta, kiduara ulikijaza wino. Usipoiona, ulikiacha kitupu. Kurasa kwa kurasa viduara ni vitupu, Mzee. Kwa wagonjwa wetu haionekani mara nyingi, na si kosa la picha wala la mgonjwa. Uliniambia, "Kijana, hiyo kitabu walipiga picha ya watu wa kwao. Wewe sema kitu unaona."

Kusema ninachokiona! Unakumbuka filamu ya kifua chako? Niliitoa kwenye maji kwa mkono wangu, nikaitundika mbele ya taa, nikataka kukimbia. Ukanikataza. Ukaniamuru niisome kwa sauti, kana kwamba mgonjwa ni mtu mwingine. Nikasoma: kivuli, pafu la kulia, kikubwa, karibu kuufikia moyo. Ukachukua kalamu, ukanichorea alama ya vema kwenye kiganja, ukasema, "Umesoma vizuri." Nilienda kulia stoo, nikajifanya natafuta mifuko ya mchanga ya kubania vichwa.

Ndiyo maana nashindwa kukueleza habari za mtihani wa cheti nilioufanya baada ya matanga yako. Swali la tatu liliuliza kuhusu nukta. Jibu letu nililijua. Nikakaa na kalamu, nikamfikiria msahihishaji, nikakifikiria cheti, nikamfikiria mama yangu ambaye alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani wote. Nikaandika kwamba huonekana kwa kila mtu mzima. Neno kwa neno kama kitabu. Nikapita, nikapewa mkono. Cheti kiko ukutani hapa, mama anakipangusa kila asubuhi, nami natazama pembeni.

Aibu hiyo ningeishi nayo. Watu wanaishi na kubwa zaidi. Lakini jana asubuhi aliletwa Joram.

Joram ni fundi mwashi, wa huko kwenu, ana chumba River Road. Majuma mawili yaliyopita alianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao akijenga nyumba ya mtu Parklands, akainuka, akajipangusa, akaendelea na kazi. Sasa kichwa kinamgonga, anatapika asubuhi, na mkewe anasema kikombe kinamponyoka mkono wa kushoto. Nilimlaza, nikambana kichwa kwa mifuko ya mchanga, nikampa ile dawa yako ya kumtuliza mtu: hesabu ng'ombe wa baba yako kimoyomoyo, wala usitikisike. Akatulia tuli. Picha zikatoka safi, hata wewe ungezisifu, na kwa sifa ulikuwa mchoyo kweli.

Yule daktari mpya, aliyefika mwaka huu kutoka Uingereza, akazitazama akitafuta nukta. Haipo. Akanigeukia, "Wewe haribu picha. Piga ingine." Nikapiga. Haipo. "Ingine!" Mara ya tatu Joram akaniuliza pale mezani, "Bwana Eksirei, ng'ombe za baba zimeisha. Sasa nihesabu za jirani?" Nilicheka, na papo hapo nilitamani kuupiga ukuta ngumi. Kumpitishia mtu mionzi mara tatu kwa kutafuta kitu ambacho hakipo! Wewe ulinifokea nikirudia mara moja tu.

Jibu lilikuwa mdomoni. Nikalimeza. Kwa sababu karatasi yangu ya mtihani aliisahihisha yeye, na ningefungua mdomo angeniuliza: si wewe uliyeandika kwamba huonekana kwa kila mtu? Akasema mashine ikaguliwe, Joram aende nyumbani, arudi Jumatatu apigwe upya. Hakusema alazwe. Hakusema aitwe mpasuaji. Joram akaondoka ameshika bega la mkewe, mguu wa kushoto unaburuta kidogo. Mguu huo niliuona, Mzee. Niliuona vizuri, nikanyamaza na filamu zangu mkononi.

Leo kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri. Nimekuandikia nikitumaini kwamba nikifika chini ya ukurasa nitapata njia nyepesi. Sijaipata. Hata ulipokuwa hai njia nyepesi hukuwa nayo, na ulinikera sana kwa hilo.

Basi nimevaa viatu. Daktari anakaa Westlands, nyumba yenye ua wa michongoma na mbwa wawili. Daftari lako nimelifunga kwa gazeti. Kitabu cha pasi, kile cha kuniruhusu kutembea mjini, kiko mfukoni; askari akinisimamisha nitamwonyesha, akinirudisha nitazungukia njia nyingine. Mama ananiuliza naenda wapi na chakula kiko mezani. Nimemwambia nimesahau kitu kazini, na huo nao ni uongo, lakini nitamweleza nikirudi.

Kwaheri, Mzee wangu. Pumzisha kifua. Siwezi kukuahidi kwamba atanisikiliza, wala kwamba cheti kitabaki pale ukutani. Nakuahidi hili: akiniuliza kwa nini niliandika nisichokiona, sitamsingizia mtu. Nitamwambia niliogopa. Halafu nitasimama pale pale mlangoni, na mbwa wake wabweke wanavyotaka, mpaka atoe gari twende River Road.

Mwanafunzi wako,
Njoroge