Pijo Lako Limeondoka kwa Magurudumu Yake

Baba,

Pijo limewaka. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, usingesikiliza habari za mtu yeyote kabla ya kusikia za gari lako.

Mama hajambo. Ameamua kurudi Upareni kwa ndugu zake, maana tangu ututoke nyumba hii ya Mtawanya imekuwa kubwa mno kwake. Siku hizi Rufiji ina daraja, Baba, watu hawalali tena kusubiri kivuko, kwa hiyo safari yenyewe si kama ile yetu ya kuja huku. Nyumba imeshapata mwenyewe mwingine, naye alitaka uwani pawe peupe kabla hajahamia. Mama akaniambia, "Kama haliwaki, aje mtu wa chuma chakavu alikatekate." Alisema huku amenipa mgongo. Iliniuma sana. Miaka yote uliwajibu wenzako wa bandarini, "Halijafa, limelala tu," leo sisi tulitoe vipande vipande kwenye mkokoteni? Nikasema sikubali, litauzwa likiwa zima.

Basi likizo yangu yote imeishia chini ya boneti. Wanafunzi wangu wa Nanyamba wangeniona wasingeamini kama huyu ndiye mwalimu wao. Kuku walikuwa wameifanya siti ya nyuma kiota, nyigu wamejenga kwenye kabureta, na injini imeng'ang'ana kabisa. Nikafungua plagi, nikamimina mafuta ya taa kama ulivyonifundisha, nikayaacha yalowe. Kila asubuhi kabla ya chai nachomeka hendeli, nazungusha. Wapi! Kesho tena, wapi! Mpaka siku ilipocheza kidogo, nikapiga kelele Mama akadhani nimeumwa na nyoka.

Pampu ya petroli ndiyo iliyokataa. Nikafunga dumu la petroli juu ya paa na kushusha mpira hadi kwenye kabureta, likawaka. Usinicheke, wewe mwenyewe ulitutoa Lindi hivyo hivyo, mimi nimetoa kichwa dirishani kuangalia kama mpira umechomoka.

Ngoja sasa nikupe ya mnunuzi. Anaitwa Bwana Fenando, mfanyabiashara wa Kilambo, wazee wake ni wa ng'ambo ya Ruvuma. Injini aliisikiliza kidogo tu. Akalala chini na bisbisi, akaanza kuichoma sakafu akitafuta kutu. "Dada, gari la pwani huliwa kuanzia chini," akaniambia. Mimi huko chini sikuwa nimegusa kabisa. Anachoma hapa, bisbisi inagonga chuma kizima. Anachoma pale, vilevile. Akaingiza mkono kwenye upenyo wa ubavuni, mara nikasikia, "Uwi! Nini hiki kinaniunguza?"

Mafuta ya maganda ya korosho! Baba, jamani. Uliwaona mafundi wa mashua kule Mikindani wakipaka mbao zao zisioze, nawe mtu wa milimani ukaona umepata dawa ya kila kitu. Ukapaka chini, ukapaka ndani, ukapaka hadi chini ya siti. Unakumbuka Mama alivyobabuka miguu, akaapa hapandi tena? Jumapili anakwenda kanisani kwa miguu, wewe unamfuata polepole na Pijo unambembeleza dirishani, "Mama Tumaini, panda basi," mtaa mzima unacheka.

Mama akamletea Bwana Fenando mafuta ya nazi. "Pole, kaka. Mume wangu huyo. Hata akiwa hayupo anaunguza watu." Akacheka mpaka akakaa chini. Sijamsikia akicheka hivyo tangu msiba. Na Bwana Fenando, mkono umemwiva, akasema, "Sakafu hii ni nzima. Nalichukua."

Nilimwonyesha choki inavyovutwa, na gia ya pale kwenye usukani inavyotaka kubembelezwa. Akawasha, likatoka. Nikatoka nalo hadi barabarani. Na hapo, Baba, mimi niliyelihangaikia likizo nzima, mimi niliyekataa lisikatwe, nilisimama nikiomba lizime. Lizime tu pale kwenye kona, Bwana Fenando aniite, nilirudishe uwani kwetu. Nilisikia akibadili gia, ya pili, ya tatu. Halikuzima. Nikalia palepale barabarani, kwa sauti, na wala sikuona haya.

Mama anaogopa kukuacha peke yako huku. Nimemwambia hauko peke yako, mimi nabaki, na Nanyamba si mbali. Magugu hayatakugusa Baba, nakuahidi. Nikija nitakaa kidogo, nikusimulie kila gari linalopita.

Pumzika, Baba yangu.

Tumaini wako