Baba Mdogo kaichezea sake yangu

Shiori, uko? Naandika haraka haraka, usinicheke nikikosea.

Baba Mdogo Kazuomi ameniharibia sake yangu! Ile pombe nyepesi ya mchele, ya watu ambao hawajawahi kunywa. Leo ndiyo tulikuwa tunawaonjesha wageni hapa kiwandani kwetu.

Nimemmiminia mama mmoja mzee, nikamwambia, "Onja tu mama, hii haikabi koo." Kapiga funda moja, kakohoa mpaka machozi! Nikaonja mwenyewe. Moto!! Siyo niliyoipika mimi.

Nageuka, Baba Mdogo anatabasamu. ANATABASAMU, Shiori!

Eti, "Nimeichanganya na ile kali yetu. Yako ni maji ya kuoshea mchele, ingetuaibisha."

Maji ya kuoshea mchele! Mbele ya watu! Miaka yote hii naihangaikia!

Nikawaambia wageni ukweli wote, nikafungua chupa nyingine ya sake yangu ambayo hakuigusa, iliyokuwa kwenye friji. Yule mama kanywa, kisha kasogeza kikombe. "Niongeze, mwanangu."

Unadhani Baba kafurahi? Kaniita pembeni: "Kamwombe baba yako mdogo msamaha. Umemvunjia heshima."

Mimi?? Mimi ndiye niombe msamaha?

Nikamwambia, "Baba, msimu ujao atapika yeye au nitapika mimi. Chagua."

Anaangalia viatu vyake.

Basi nimevua aproni, nimemvalisha Baba Mdogo shingoni wageni wote wakitazama, nikaondoka zangu. Mtu hajapika hata pipa moja maishani mwake. Sasa apike.