Ile Mashini Nyeusi Niliyoitukana Jumamosi

Gitega, Jumatano, saa ya chai

Dada Zainabu,

Amani ya Mungu iwafikie wote hapo nyumbani, kuanzia mama pale mlangoni anapokaa, mpaka yule jogoo wako mwenye kuingia atelie ya kushonea na kukanyaga vitambaa vya watu. Goti la mama linasemaje? Anafanya yale mazoezi, ama anafanya tu wakati unamuangalia? Na we mgongo wako? Najua sherehe zimeisha, lakini mi nakujua, hata sherehe zikiisha unatafuta shati ya mtu ugeuze kola. Mi niko mzima. Nakula. Nimekonda kidogo tu, hiyo usimwambie mama.

Ulisema nisikutumie tena sauti kwenye simu, eti naongea kama redio yenye kugombaniwa na watu wawili, unasikiliza mara tatu na bado huelewi. Ukasema andika kwenye karatasi, mkono utakupunguza mbio. Bon, niko naandika. Mkono unauma na mbio haijapungua.

Habari ni moja: mashini. Umeniachia mi nichague, na ile mashini yako ya umeme ya kumalizia pindo, uliyokuwa unaitaka toka mwaka jana, umeiweka pembeni ili tununue kwanza hii kompyuta ya kuchezea. Hakuna mwenye atelie mwingine Muyinga angefanya hivyo juu ya mchezo. Kwa hiyo nilijua toka mwanzo, nikikosea nimekosea mara mbili: mchezo tunaukosa, na we unaendelea kumaliza pindo kwa mkono. Ndiyo maana nimechukua wiki tatu. Sio uvivu, kama ulivyoniambia mbele ya mama.

Kwanza, ukubwa. Kumbe kioo kinapimwa kutoka kona ya chini mpaka kona ya juu ya upande mwingine, kama unavyokunja kitambaa cha kichwa. Mi nilikuwa napima kwa upana, na kila mashini naona wamenidanganya. Nilipima na ile mita yako ya kushonea. Ndiyo, iko kwangu, usimgombeze tena yule msichana wa kazi.

Inchi kumi na tatu ni nyepesi sana, lakini tukikaa wawili mbele yake, mmoja anaona kioo na mwingine anaona sikio la mwenzake. Ya kumi na saba ni sinia ya pilau ya harusi. Haiingii kwenye mkoba, na kwenye gari ya kupita Karuzi ntalazimika kuilipia kiti. Ikabaki ya katikati, kumi na nne mpaka kumi na tano na kitu. Inabebeka, na vichwa viwili vinaenea.

Halafu ndani. Mchezo unataka karte grafiki. Fikiria ubongo wa pili ndani ya mashini, haujui kuandika, haujui kuhesabu hesabu za watu, kazi yake ni kuchora tu. Gari yako ikikata kona, yeye anachora barabara upya, mara sitini kwa kila sekunde. Sitini, dada. We sindano yako inapiga mara ngapi kwa sekunde? Niliwaza juu ya hilo siku nzima, hapo kazini nikatoa fotokopi ya mtu kichwa chini. Yote hii nilisoma kwenye simu, kwa Kiingereza, neno moja moja, kama unachambua mawe kwenye mchele.

Bon. Nyuma ya soko kuna mtu anaitwa Nestori, anauza mashini za okazio, zilizokwisha kutumika. Wazazi wake ni wakulima, walirudi kutoka Tanzania na yeye akiwa kijana, kwa hiyo anaongea kile Kiswahili cha taratibu kama anasoma. Mizigo yake inapita mpaka wa Kobero. Alikuwa na mbili za saizi yetu. Moja ya rangi ya fedha, inchi kumi na nne, nyembamba, nzuri kama sahani mpya, lakini haina karte yake ya pembeni. Ya pili nyeusi, kumi na tano, nene, mgongo wake una matundu kama kichungio, na karte iko ndani. Chaja yake peke yake ni tofali. Niliishika nikacheka, nikamuuliza Nestori kama ni ya mashini ama ya kujengea.

Jumamosi nilienda kuzijaribu. Umeme ulikuwa umeondoka toka asubuhi, lakini hiyo haikunisumbua hata. Unajua kwetu mtu hanunui okazio bila kuchomoa chaja. Ndiyo mtihani wetu. Batri nyingi zilishakufa huko Ulaya, zinatufikia kama maiti kwenye sanduku nzuri, ukichomoa tu, giza. Kwa hiyo mi nikaona Mungu ameniandalia mtihani mwenyewe.

Nikaweka ule mchezo wa magari kwenye zote mbili. Ya fedha ikaenda. Picha sio nzuri sana, lakini inaenda bila kusimama. Ile nyeusi, aibu. Gari inaruka ruka kama mtoto anayeruka kamba, feni inalia, batri inashuka unaiona kwa macho. Nikaanza kucheka. Na we unajua nikicheka siwezi kucheka peke yangu. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya Mushasha, mtu mzima, ameshika ile nyeusi mbele yangu, anaitaka kwa kuchora maumbo ya hesabu. Mi nikamwambia kwa sauti, watu wa kibanda cha jirani wakasikia: "Mwalimu, wacha hii, ni jiwe wamelipaka rangi." Akairudisha mezani. Watu wakacheka.

Nestori hakukasirika. Alisema tu, "Ndugu yangu, subiri umeme urudi ndipo useme." Mi nikaona ni maneno ya muuzaji. Nikamwomba aniwekee ya fedha mpaka Jumanne, nikaondoka nimefurahi kama nimemshika mwizi.

Lakini Jumapili kitu kikaanza kuniwasha. Yenye ubongo wa kuchora imeshindwa na isiyo nao. Haiwezekani. Ni kama mwenye miguu miwili ashindwe mbio na mwenye mmoja. Ningeweza kuacha, ya fedha ilikuwa yangu tayari, lakini we unanijua, kitu nisichokielewa hakiniachi nikale. Nikarudi kwenye simu, neno moja moja. Nikaona watu wa dunia nzima wameuliza swali langu, na wamejibiwa kwa kuchekwa.

Iko hivi, dada. Ule ubongo wa pili una njaa kubwa. Batri haiwezi kuushibisha, haijatengenezwa kwa hiyo. Kwa hiyo ukichomoa chaja, mashini inajifunga yenyewe, inaficha nguvu ili isizime. Nguvu yake yote inatokea kwenye chaja. Nikakumbuka namba zilizoandikwa chini: chaja ya ile ya fedha wati sitini na tano, ya ile nyeusi wati mia moja na themanini. Nilishika jibu mkononi nikalifanyia utani. Na mtihani wetu wote huku, wa kuchomoa, ni mzuri kwa mashini ya kuandikia barua. Kwa ya mchezo ni sawa na kumpima mtu sauti huku umemfunga mdomo.

Jumatatu saa sita nikaomba ruhusa kwa patron wa kazini, nikakimbia. Umeme ulikuwepo. Nyeusi ilikuwepo pia, mezani, nikapumua. Nestori akachomeka, akanisogezea kiti. Dada, ile gari haikuruka. Ilimiminika. Matone ya mvua juu ya kioo cha gari, unaona kila tone. Nikaiacha inacheza nusu saa, naigusa juu ya vidonge vya kuandikia: inapata joto upande wa kushoto, kama pasi uliyoizima sasa hivi, haiunguzi. Feni inavuma, lakini ukivaa vya masikioni hausikii. Vidonge ni vya Kifaransa, kwa hiyo kwenda mbele ni Z, sio W wanayosema huko kwenye mtandao. Nimekuwekea alama kwa chaki.

Nikiwa hapo nafurahi, mwalimu akaingia. Amekuja kuangalia tena, bado hajapata mashini. Na hapo, nakwambia ukweli, moyo wangu ulitaka kunyamaza. Yeye ndiye aliyetangulia kuishika Jumamosi. Kwa sheria ya soko, akiitaka ni yake. Nikinyamaza, ananunua nyingine mahali pengine na hajui kitu. Nikafikiria we, na pindo zako. Halafu nikafikiria ningekueleza vipi nilivyoipata.

Nikamwambia. "Mwalimu, Jumamosi nilikosea. Sikujua. Hii inataka kuchomekwa, iangalie sasa."

Akainamia kioo, akaangalia. Halafu akasema, taratibu, kama yuko mbele ya darasa: "Kwa hiyo Jumamosi ulinifundisha uongo, na kwa sauti kubwa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na leo unanifundisha ukweli kwa sauti ndogo. Mbona?"

Nestori alicheka mpaka akakohoa. Mwalimu akaizunguka ile nyeusi kama mtu anayenunua ng'ombe, akainyanyua, akanyanyua na tofali lake, akauliza bila chaja inakaa muda gani. Nikamwambia ukweli tena: kwa kuandika, saa mbili hivi, kwa mchezo, hata saa moja haifiki. Mi niko nasimama nahesabu matundu. Mwisho akasema darasani kwake hakuna hata mahali pa kuchomeka, atafanya nini na mashini yenye kudai chakula kila saa. Akauliza ya fedha ni ya nani. Nikasema ilikuwa yangu, nimeiacha sasa hivi. Akaichukua. Kabla ya kutoka alinishika sikio, sio kwa nguvu, kama mwanafunzi wake.

Kwa hiyo tunayo nyeusi. Nilitaka nikwambie hapa nimemaliza.

Lakini jana niliileta chumbani, nikachomeka, na umeme haukuwepo. Nikangoja. Hapa kwangu umeme ni mgeni wa heshima, anatangaza anakuja, halafu anafika wakati niko kazini. Nilikaa mbele ya hicho kioo nimekunja mikono, na nikaelewa kitu ambacho kwenye simu hakuna mtu alikuwa amekiandika. Nilichagua saizi, nilichagua karte, nilichagua vidonge. Sikuchagua inakaa wapi. Na atelie yako iko kwenye laini moja na hospitali. Kwenu hata mvua ikipiga, umeme unarudi wa kwanza.

Kwa hiyo haikai na mi. Iko kwenye sanduku aliyokuletea dereva wa gari ya Muyinga pamoja na barua hii, imefungwa kwenye ile blanketi yangu ya buluu. Sikukuuliza kwanza, juu ungekataa, ungesema mi ndiye mwenye kuipenda zaidi. Ni kweli. Nilidhani haitaniuma, inaniuma. Ntabaki na simu, na lile daftari langu ninalochoramo mchezo ninaoutunga mwenyewe, wa malori ya Kobero. Chomeka chaja kabla ya kuwasha. Majirani watakwambia chomoa tuone kama ni nzima, waache waseme, hata mi nilisema. Usiiweke juu ya kitambaa, inapumulia chini. Na cheza we kwanza, usiningoje.

Nisalimie baba mdogo fundi wa baiskeli, mwambie ile pampu yake na yenyewe iko kwangu. Nisalimie shangazi wa Giteranyi akija sokoni, na mtoto wake aliyezaa juzi. Msalimie yule msichana wa kazi, mwambie samahani ya mita. Na mama, nisalimie kwa mikono miwili. Anasemaga Gitega imenimeza, ya kwamba nakuja nyumbani kama mtu anayekuja kuomba moto, hata sikai. Muonyeshe ile sanduku. Mwambie kitu ninachokipenda kuliko vyote sasa kinalala kwake, na mi tayari nimeuliza gari ya Ijumaa inatoka saa ngapi.

Mdogo wako mwenye mbio,
Ismaili