Neno Lililovuka Hadi Mutsamudu

Ijumaa, 3 Julai 1998. Moroni

Nimekunja nguo mpaka vidole vimekufa ganzi. Shiromani si leso. Ni nguo ya kisiwa cha Nzuani, nyekundu na nyeupe, nzito, ukiikunja ovyo inakuaibisha mbele ya wateja. Marobota mawili nimeyamaliza kabla ya sala. La tatu nimemwachia Faiza.

Duka ni la Faiza, mwanangu. Najua niliandika hivyo hata jana. Alikuwa mwalimu, serikali ikasahau kumlipa, akasema basi. Akafungua mlango hapa Bajanani, karibu na msikiti wa kale, na leo hata wake za makadhi wanamwinamia wakiingia. Mlango ni mfupi, lakini wanainama.

Sasa ana jambo jipya. Promosyo, anasema, kwa Kifaransa. Bweni Sakina, bibi wa heshima mjini, anamwoza binti yake, arusi kuu, tarehe 18. Amechagua shiromani yetu ya maua madogo iwe sare ya wanawake wa nyumba yake, sitini. Kila mmoja wao akija dukani ananong'ona neno la siri, anapunguziwa theluthi ya bei. Asiye na neno, bei kamili. Neno lenyewe ni langilangi. Nani mwingine Moroni nzima amewaza hivyo? Hakuna. Na mimi ndiye niliyemzaa.

Marobota haya matatu yakiisha, basi. Tangu Nzuani itangaze kujitenga mwaka jana, boti ya Mutsamudu, bandari ya huko, inakuja ikipenda. Mimi kwetu ni huko. Siku hizi kwetu ni ng'ambo.

Jumapili, 5 Julai

Nimefanya kosa. Afadhali naandika Kiswahili, nilichojifunza Unguja kwa shangazi mpaka darasa la nne. Nyumba hii hakuna wa kukisoma.

Maulidi ya wanawake kwa Mama Najati. Mwanawe yuko Marseille. Tangu tumekaa ni friji tu. Friji alilotuma mwanangu, anasema, lina milango miwili. Friji linatengeneza barafu lenyewe. Nilivumilia mpaka chai ya pili. Nikasema, wangu hatumi vyombo, wangu anatumia kichwa. Nikaeleza promosyo yote. Wakauliza, na hilo neno? Nikalitaja.

Mara moja tu. Labda mbili, maana kulikuwa na koko mmoja, bibi kizee, hasikii vizuri.

Friji likanyamaza. Tamu ilioje.

Jumanne, 7 Julai

Foleni imefika kwa muuza samaki. Langilangi, langilangi, langilangi. Sura siijui hata moja. Watu wa Vuvuni, nje ya mji. Msichana wa shule kutoka Mvuni ameandikiwa neno kwenye karatasi, akalisoma kama anasomeshwa Kurani chuoni.

Faiza akanigeukia. Mama, hawa wote ni wa Bweni Sakina? Nikatazama dari. Nikasema, nyumba kubwa ile.

Hakumkatalia mtu. Neno nimelitoa mimi, alisema, siwezi kulimeza mbele ya mteja. Robota zima limekwenda kwa siku moja.



Jumatano, 8 Julai

Robota la pili nalo limekwenda. Katika wote waliochukua, wa nyumba ya Bweni Sakina ni kumi na wawili tu. Nguo zilizobaki ni thelathini. Wenyewe wanaosubiri ni arobaini na wanane.

Jioni Faiza amekata boksi la sabuni, ameandika kwa herufi kubwa, akalibandika mlangoni. NENO LIMEFUTWA.

Alhamisi, 9 Julai

Sijapata kuona siku kama ya leo, na nimeona kimbunga.

Mzee mmoja katumwa na mkewe. Akasema langilangi. Faiza akamwambia limefutwa, mzee wangu. Akarudia kwa nguvu zaidi, akidhani mwanangu ana shida ya masikio. Mara ya nne watu wa msikitini wakachungulia.

Mwingine akaapa kwamba alilisema Jumanne, nyumbani kwake, kabla halijafutwa, na Mungu alimsikia. Mwingine kaja na maua ya langilangi kila sikio, mafuta ya langilangi yanamtiririka shingoni. Akaegemea meza. Mimi sisemi neno lolote, mwanangu, wewe nusa tu. Mke wa kadhi hakutaka hata kupunguziwa. Alitaka kujua kwa nini mji mzima uliambiwa neno na yeye hakuambiwa. Huyo ndiye aliyekasirika kuliko wote. Akatoka bila kuinama, akagonga kichwa.

Kisha Zalhata wa Vuvuni. Sauti kama ngoma ya arusi. Jirani yangu jana kapunguziwa, mimi leo nimepungukiwa nini? Hakujibiwa alivyotaka. Akasimama mlangoni, akageukia foleni. "Kisiwa chao kimejitenga, sasa na duka nalo limejitenga. Watundike na bendera tujue mpaka uko wapi."

Watu wakacheka. Mimi iliniingia kifuani. Miaka thelathini naishi Moroni. Mume wangu wa hapa, kaburi lake liko hapa, Faiza kazaliwa hapa. Siku hizi ukifungua mdomo na lafudhi ya Mutsamudu inakutoka, watu wanatazamana.

Faiza hakuinua hata macho. "Bendera ipo, mama mdogo. Shiromani ya maua madogo. Bei kamili."

Wakacheka zaidi, na safari hii walicheka upande wetu. Huyo ni mwanangu.

Ijumaa, 10 Julai

Bweni Sakina amekuja mwenyewe. Hakukaa. Hakunywa hata maji.

Amekutana na sare yake sokoni. Imefungwa kiunoni mwa muuza samaki, ina magamba. Akasema taratibu, na taratibu yake ndiyo inayotisha: sare ndiyo inayoonyesha nani ni wa nyumba na nani ni mpita njia. Ikifika tarehe 18 wanawake wake hawajavaa na wapita njia wamevaa, atasimama ukumbini mbele ya mji wote na kulitaja duka hili kwa jina.

Hilo likitajwa halifutwi. Mji huu unasahau marais, hausahau aibu ya arusi. Faiza atafunga mlango, na hata akiufungua kwingine watamjua.

Faiza akasema, utazipata, bweni. Kutoka wapi? akauliza. Nikasikia mdomo wangu unasema nitakwenda Mutsamudu kwa dada yangu.

Faiza akanihesabia nauli ya boti. Hakuniuliza kitu. Kutoniuliza kwake kumeniuma kuliko bendera ya Zalhata.

Jumapili, 12 Julai. Botini

Nimetapika mara tatu. Boti nusu tupu, wanaume wamebaki kutazama mpira kwenye televisheni. Naona aibu. Naogopa pia. Sijui wataniachia nitoke na robota.

Jumatatu, 13 Julai. Mutsamudu

Bandarini vijana wenye bunduki. Mmoja akataka kujua mtu wa ng'ambo kafuata nini. Mtu wa ng'ambo, mimi, niliyejifunza kutembea kwenye vichochoro vile. Nikamwambia nimefuata shiromani. Akauliza mimi binti wa nani. Nikamtajia baba. Akashusha bunduki. Pita, bweni, akasema, nyumba zetu ukuta ulikuwa mmoja.

Dada Mariamu amezeeka. Analo robota moja la maua madogo. Limelala miezi, boti hakuna, wanunuzi hakuna. Nikambusu, kisha nikalibusu robota.

Sijamaliza maji, jirani yake kaingia. Kaniinamia sikioni. "Langilangi."

Maji yakanipalia. Limefika na boti iliyopita, kwa mke wa mfanyabiashara wa karafuu. Hata huku wanalijua duka la Faiza. Serikali ilishindwa kuyavuka maji haya, wakubwa wanakutana na kuachana kila mwezi, neno la mwanangu limevuka kwa siku moja bila karatasi. Haikunipasa kufurahi. Nimefurahi. Nikamwambia limefutwa. Akanuna kama watu wa Moroni wanavyonuna. Kununa hakujajitenga.

Nimemweleza dada yote, na maulidi na friji. Kacheka mpaka kalia. Kisha akaniuliza kitu ambacho sitaki kinipotee: kwani aliyevaa sare ya arusi si ndiye mtu wa arusi? Sisi hapa anayevaa sare akakwepa kinu cha kutwangia mchele wa arusi tunamtungia wimbo.

Jumatano, 15 Julai. Moroni

Nimerudi na robota langu. Bandarini Moroni wakanipekua mpaka kwenye mtandio, nikawaambia tafuteni, jamhuri ya waliojitenga mtaikuta chini ya maua madogo. Wakaniachia.

Pamoja na thelathini zilizobaki dukani, nguo sitini. Nyumba ya Bweni Sakina imepona. Lakini wale wapita njia arobaini na wanane bado wamevaa sare. Nikampa Faiza swali la dada Mariamu. Akakaa juu ya robota. Akatafuna ncha ya kalamu kama alivyokuwa akifanya shuleni. Kisha akakata boksi jingine.

"Neno limefutwa. Aliyelitumia amevaa sare ya Bweni Sakina, basi ni mtu wa nyumba yake. Kesho asubuhi aje na mchi. Na aliyekosa kupunguziwa, atakayetwanga atapunguziwa."

Tukampelekea Bweni Sakina kwanza. Alisoma mara mbili. Akacheka kwa pua. Mchele wa mkate wa sinia wa mji mzima ulikuwa unangoja kutwangwa, na wanawe wa Ufaransa wamekuja na kucha ndefu. Akasema, bandikeni.

Alhamisi, 16 Julai

Watatu wamerudisha nguo, wanasema hawakununua kazi. Faiza kazipokea bila neno. Watatu tu.

Wa kwanza kufika uani kwa Bweni Sakina alikuwa yule muuza samaki. Sare kaifua, haina gamba hata moja. Mchi begani na kapu la samaki kwa ajili ya nyumba. Bweni Sakina akamshika mkono akamketisha karibu naye. Kisha mama wa maua ya masikioni, ananukia uwanja mzima. Msichana wa Mvuni na dada yake. Mke wa kadhi, ndiyo, yeye, na uvimbe kwenye paji, kwa sababu safari hii hakuna aliyefichwa kitu.

Saa tatu tukasikia kelele barabarani. Zalhata. Kinu kichwani kutoka Vuvuni, na wanawake wanane nyuma yake. Akakitua katikati ya ua. "Nimekuja kutwanga theluthi yangu."

Ametwanga kama watu watatu. Faiza akampa nguo yake mbele ya wote, kwa bei ya kupunguziwa, akasema huyu hahitaji neno. Zalhata akaifunga papo hapo juu ya gauni. Bendera, akasema, sasa nimeitundika mwenyewe.

Kisha wakatunga wimbo wa kutwangia. Ubeti wa kwanza ulimsifu Faiza. Wa pili ulinihusu mimi. Mama Faiza mdomo wa kikapu, ukiweka maji yanafika Mutsamudu. Ua mzima ukaitikia.

Kumbe wanajua. Nikainamia kinu. Faiza alikuwa anaitikia pia.

Jumamosi, 18 Julai

Niandike polepole nisiache kitu.

Sherehe ya ukumbini ilianza baada ya alasiri. Nyekundu na nyeupe ukuta hadi ukuta, nyingine zikamwagika mpaka barabarani. Zaidi ya mia. Hakuna arusi msimu huu iliyofika hata nusu. Watu walisimamisha teksi kuuliza hii ni nyumba ya nani. Redio inasema visiwa vimegawanyika, na mle ndani Wangazija, wenyeji wa kisiwa hiki, wote wamefunga nguo ya kwetu, wanapiga tari bega kwa bega na sisi, na mtu ukitaka kujua nani wa wapi ungengoja aseme.

Bweni Sakina alisimama. Moyo wangu ukasimama pia. Akalitaja duka kwa jina, kama alivyoahidi. Akasema alikwenda kununua nguo sitini, mwana wa Mama Faiza akampa na jamaa arobaini na watano juu yake. Vigelegele vilinitoa machozi. Faiza kainamisha kichwa. Mimi sikuinamisha changu. Nilikigeuza kila upande waone niko wapi.

Mama Najati alikuja kwa kuchelewa, na hariri ya kijani iliyotoka Marseille. Kijani kimoja katika bahari nyekundu. Nikamwonea huruma kidogo. Nikamwita akae karibu yangu. Sikutaja friji. Nilitaka kulitaja. Sikulitaja.

Mama gani leo ananizidi? Aje tusimame pamoja tupimwe.

Jumapili, 19 Julai

Tumekaa dukani milango imefungwa. Zimebaki nguo chache. Tumekunja pamoja, yeye ncha mbili, mimi ncha mbili, tunakutana katikati.

Nikamwambia. Maulidi, chai ya pili, koko asiyesikia. Akaendelea kukunja. Alijua tangu ile Jumanne, alisema, nilipotazama dari. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alitaka kuona nitakwenda umbali gani kulirudisha neno.

Tukakunja nyingine.

Mwezi ujao kuna arusi mbili zimeomba promosyo. Neno jipya ameshalichagua. Nikasema usiniambie, mwanangu. Akaniinamia sikioni akaniambia.

Nimelishika siku nzima. Mama Najati kapita kuniamkia, tumeongea mpaka magharibi. Hapa napo siliandiki.